Sauti Ng'ambo ya Daraja

Ukitaka kumjua Ambilikile, mpe chai. Kabla hajainywa ataiinamia ainuse, atakizungusha kikombe atazame kuna nini chini, kisha atakuuliza sukari hiyo umeinunua kwa nani. Usikasirike. Si kwamba anakuogopa. Ni mazoea tu. Kwa miaka mingi mzee huyu alikuwa mkaguzi kwenye kizuizi cha barabara iendayo Mto Songwe, enzi zile za kukosa kila kitu, mtu akivuka kutoka Malawi na miche miwili ya sabuni anaificha kuliko dhahabu. Kazi yake ilikuwa kutoamini. Alikuwa na bambo lake, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea magunia, na akilichoma gunia la mchele alijua kwa mkono tu kama katikati kumelazwa kanga.

Basi biashara ikafunguliwa. Magunia yaleyale yakaanza kupita mchana kweupe, tena kwa honi na nyimbo. Kizuizi kikaondolewa, na Ambilikile akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Akarudi kwenye mpunga wake Ikolo na miti yake ya kakao nyuma ya nyumba, pale pembeni mwa mji wa Kyela. Kazi walimpunguzia, lakini tabia nani angempunguzia?

Kulikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakukishuku, nacho kilikuwa gemu. Naam, gemu ya kwenye televisheni, mtu mzima na mvi zake. Kabla ya kupunguzwa alizoea kupita dukani kwa Zubery, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani akahamia huku. Zubery alikuwa wa kwanza mtaani kuunganisha mashine ya gemu kwenye televisheni yake ya video. Gemu waliyoipenda waliiita Kamanda: askari mmoja, bunduki moja, msitu, mto, na daraja bovu ambalo ukilivuka unaikuta kambi ya adui. Vijana walikufa darajani kama siafu. Ambilikile, na sare zake za kazi, alikuwa akivuka huku anatafuna karanga. Alipenda kusema kwamba mle ndani kila adui anatokea mahali pake pa jana, hakuna mtu wa kukudanganya. Kisha mashine ya Zubery ikaungua radi ilipopiga, na mambo yakaishia hapo.

Miaka ikapita. Mwaka wa elfu mbili na moja, Lazaro, mwanawe, aliyekuwa akiuza duka la vifaa vya umeme Kariakoo, akampelekea baba yake mzigo kwa basi. Ndani mlikuwa na mashine mpya ya kijivu, na sidii moja iliyofungwa kwenye gazeti. Lazaro aliagiza kwa mdomo wa kondakta: "Mwambieni baba, ni Kamanda ileile. Wameitengeneza upya."

Neno hilo "upya" ndilo lililomwasha mzee. Aliwahi kuona matairi yaliyochongwa upya yakipasuka mlimani, na betri zilizotiwa maji upya zikifa kabla ya kufika nyumbani. Akaiwasha mashine huku amekunja uso.

Ilikuwa ileile na haikuwa ileile. Yule askari wa zamani alikuwa vidoti tu, hana hata pua. Huyu wa sasa ana sura, ana ndevu, anatoka jasho. Mto ambao zamani ulikuwa mistari miwili ya buluu sasa unatiririka na kumeta. Muziki ni uleule, ila sasa umetiwa ngoma, na kwa hilo, kusema kweli, Ambilikile aliona raha mpaka vinyweleo vya mkono vikasimama. Lakini makreti ya risasi yameinuliwa kutoka mahali pake. Adui wa nyuma ya mwamba anachelewa kutokea kusudi, akungoje umpite. Na daraja! Daraja la zamani lilikuwa likikatika ubao wa katikati, nawe unaruka. Hili jipya linaanza kuporomoka nyuma yako, halafu mbele yako. Ambilikile akaanguka mtoni. Akaanguka tena. Akaanguka mpaka Tusekile, mkewe, akauliza kutoka uani kama kuna mtu anapigwa.

"Wameichezea hii!" alifoka. "Wameweka hila darajani!"

"Au vidole vimezeeka, baba Lazaro," Tusekile akajibu.

Kila alasiri akitoka Ikolo alicheza, akalitukana daraja, akaanguka. Zubery alimwonyesha namna ya kutumia kile kidude kinachochomekwa ubavuni, memori kadi, kinachokumbuka ulipofikia ili kesho usianzie mwanzo. Kwa hiyo kila siku alimwacha askari wake ukingo wa huku wa mto, amesimama kando ya daraja.

Hapa inabidi nimlete mtu wa tatu wa nyumba ile, maana bila yeye hakuna kisa. Lazaro alikuwa na mke, Asifiwe, binti wa Katumba Songwe, ambaye ndugu zake wengine wanaishi upande wa pili wa mto huko Malawi. Lazaro alikuwa amemwacha kwa wazazi wake Kyela mpaka apate chumba cha maana Dar es Salaam. Na kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, wala mke hatamki jina la mzee. Mjini wengi wameshaiacha desturi hiyo, wanaiita ya kizamani. Ambilikile hakuiacha. Akifika getini anakohoa, khoo, khoo, ili binti aliyemo ndani apate kutoka kwa mlango wa nyuma aende jikoni uani. Asifiwe naye anapakua wali na samaki, anafunika, anaweka mezani, anaondoka. Waliishi hivyo muda mrefu bila mmoja kuijua sura ya mwenzake.

Siku moja mzee akawasha mashine, akamkuta askari wake ng'ambo ya daraja.

Alitazama, akazima, akawasha tena. Askari yuko ng'ambo, nchi kavu, bunduki imejaa. Wala Ambilikile hakufurahi. Mwenye akili timamu, akikuta gunia lake limeongezeka uzito usiku, hashangilii. Anauliza nani kaweka nini. Kwa makusudi akamrudisha askari nyuma, akamwacha tena ukingo wa huku. Kesho yake alimkuta ng'ambo.

Akaenda kwa Zubery, uso umeiva.

"Mashine hii inajicheza yenyewe."

"Wallahi mzee mwenzangu, kama ingekuwa inajicheza ningekaa nayo mwenyewe niwaingize watu kwa kiingilio." Zubery alikuwa akipima mchele, hakuinua kichwa. "Aliyevuka ana vidole. Nyumbani kwako mchana kuna nani?"

Zubery alisema vile kwa mzaha, naye akasahau. Ambilikile hakusahau. Alirudi na swali lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mchana yeye yuko Ikolo. Tusekile yuko sokoni na mawese yake. Nyumbani anabaki Asifiwe peke yake. Na daraja lile limemshinda yeye, Ambilikile, bingwa wa Kyela nzima. Basi aliyelivuka ni fundi. Ni kijana. Ni mwanamume. Hivyo ndivyo alivyojijibu, na hakuwa na shaka hata chembe, yeye aliyekuwa na shaka na kila kitu.

Tangu hapo akawa hali akashiba. Alikagua nyayo kwenye udongo wa uani. Alikinusa kiti cha sebuleni. Kila kijana aliyemwamkia barabarani alimtazama vidole. Alimsikia Asifiwe akiimba jikoni, akajiuliza kimemfurahisha nini mtu ambaye mumewe yuko mbali. Moyo ulimuuma kwa ajili ya Lazaro, kijana anayelala dukani Kariakoo akijinyima ili amtafutie mkewe chumba, kumbe huku nyuma kuna mtu anayekaa kwenye kiti cha baba yake.

Ndipo alipoamua kufanya kazi aliyoijua. Siku hiyo aliaga kwenda Ikolo, akaiacha baiskeli kwa jirani, akarudi mchana kwa miguu. Getini hakukohoa. Alinyata mpaka barazani. Ndani bunduki zilikuwa zikilia, ta-ta-ta, kisha kishindo cha mbao na maji. Daraja linaporomoka! Muziki ukabadilika, ukawa wa kule ng'ambo. Halafu, kwa masikio yake mwenyewe, akasikia sauti ya mwanamume. Sauti nzito, ya karibu, ikisema maneno ya Kizungu kwa upole, kama mtu anayemsifu mwenzake. Na Asifiwe akacheka.

Mkono wa mzee ulikuwa tayari kwenye kitasa. Ulibaki palepale. Akisukuma mlango atakutana uso kwa uso na mke wa mwanawe, na hilo baba zake hawakulifanya, wala yeye hataanza nalo. Alisimama pale, mwizi yumo ndani, mlango uko mkononi. Mwisho akafanya kile alichoweza kufanya.

Akakohoa.

Ndani mlio ukazimwa. Miguu ikakimbia, mlango wa nyuma ukalia. Ambilikile akaingia mbio. Televisheni imezimwa, kiti kina joto. Akapitiliza mpaka uani huku amefunika macho upande wa jikoni kwa kiganja. Akaona jani la mgomba linacheza. Hakukuwa na upepo. Akasema moyoni, kapitia hapa.

Tusekile aliporudi sokoni alimkuta mumewe amekaa barazani, kofia magotini. Akamweleza yote. Mama wa watu akaenda jikoni, akazungumza na Asifiwe, akarudi.

"Anasema hakuna mwanamume. Anayecheza ni yeye."

"Na sauti?"

"Anasema ni ya mle ndani ya gemu."

Ambilikile akacheka kicheko kibaya. "Mama Lazaro, Kamanda naijua mimi, mwanzo mpaka mwisho. Nimeimaliza mara ngapi mbele ya watu! Hakuna mtu anayesema mle. Ni bunduki na muziki basi. Mwongo hata kudanganya hajui."

"Wewe ng'ambo ya daraja hili jipya umewahi kufika?"

"Ileile hiyo! Si mwanao amesema ni ileile?"

Hakungoja kupambazuke vizuri. Alikwenda kwa Zubery, akaomba simu, akampigia Lazaro dukani kwake. Alisema kwa sauti ya kazi, ile ya kizuizini: nimesikia mwanamume ndani ya nyumba yangu na mke wako, nimesikia kwa masikio haya. Lazaro akasema kutoka upande wa pili, "Sawa, baba. Arudi kwao." Zubery, aliyekuwa akisikia yote, akaacha kupanga sabuni.

Kesho yake mjomba wa Asifiwe, aliyepelekewa habari, akafika kutoka Katumba Songwe. Aliitwa Hebroni, mtu mnene wa maneno machache, anayeuza samaki wakavu pande zote mbili za mpaka.

"Mugonile, tata," alisalimu kwa Kinyakyusa, akimwita baba.

"Ndaga," Ambilikile akaitikia, bila kumtazama. Akaanza kueleza, nyayo, kiti, jani la mgomba, sauti. Hebroni alisikiliza mpaka mwisho.

"Tata, huyu mtoto alilelewa na shangazi yake Karonga," alisema. "Shangazi alikuwa na chumba cha video na gemu. Asifiwe ndiye aliyekuwa akikaa pale kupokea wateja. Wateja wasipokuwapo, unadhani alikuwa akifanya nini? Hiyo Kamanda yenu ya zamani vijana wa Karonga walikuwa wakimwita aje awavushe. Hamkumuuliza?"

Nani angemuuliza? Mzee hakuruhusiwa hata kujua binti ana macho ya namna gani.

"Mimi nataka jambo moja," Hebroni akaendelea. "Mwacheni acheze, mimi na mama Lazaro tukitazama. Wewe kaa hapahapa nje, usikilize. Sauti isipotoka, namchukua, na ng'ombe wenu wa mahari nawarudishia."

Ambilikile akakubali upesi, kwa sababu alikuwa na hakika. Akageuza kiti, akalipa dirisha mgongo. Ndani Tusekile akaita, na akasikia miguu myepesi ya Asifiwe ikiingia sebuleni, mahali ambapo yeye hajawahi kuwamo pamoja naye. Mashine ikawashwa. Muziki ukaanza.

Hakuona kitu, lakini kila hatua aliifuata. Alisikia kreti la kwanza linavunjwa, akajua binti amepata risasi. Alisikia kimya kidogo mbele ya mwamba. Binti anamngoja yule adui mchelewaji ajitokeze mwenyewe. Ambilikile hakuwahi kumngoja. Siku zote alimpita kwa haraka, akapigwa mgongoni. Bila kupenda akajikuta anatikisa kichwa, kama mchezaji anayemkubali mwenzake, akajizuia. Kisha daraja. Mbao zikaanza kuanguka, na badala ya kukimbia, Asifiwe alisimama. Mzee alisikia kabisa kwamba amesimama, mbao za mbele zinaanguka zenyewe, na baada ya hapo ndipo miguu ya askari ikakimbia juu ya kitu kilichobaki. Muziki ukabadilika.

Na ile sauti ikasema. Nzito, ya upole, maneno yaleyale ya Kizungu. Mfungwa wa kambini anamshukuru askari aliyemfikia. Walioitengeneza upya ndio waliompa kinywa.

Hebroni hakucheka. Afadhali angecheka. Tusekile alitoka nje, akasimama mbele ya mumewe, machozi yanamlenga kwa hasira.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sikia na hili. Nimemuuliza kwa nini alikuwa akiigusa mashine yako. Anasema kila alasiri akiwa jikoni alikusikia unahangaika na daraja, unalitukana, mpaka chakula hukimalizi. Akaona huruma. Hawezi kuja kukwambia baba fanya hivi, baba ngoja kidogo. Akawa anakuvusha mchana, anakuacha pazuri, anaondoka. Alidhani utafurahi ukifika."

Ambilikile aliinamisha kichwa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, ile ya kutojua mikono uiweke wapi. Mtoto wa watu alikuwa akimwandalia kama anavyomwandalia wali, na yeye akaenda kunusa kiti.

"Mwambie nimekosa," alisema. "Mwambie nitampa ndama yule mweupe, awe wake. Mwambie abaki."

Tusekile akaingia ndani. Aliporudi alisema polepole, kama aliyepewa kitu cha kubeba kisimwagike: "Anasema ndaga, asante, kwa ndama, na kukosa umekosa, amekusamehe. Lakini hakuolewa na wewe. Aliyemwambia arudi kwao ni Lazaro. Lazaro akisema kwa mdomo wake kwamba anamwamini, atafungua mfuko aliokwisha kuufunga. La sivyo anaondoka na mjomba wake leo."

Wakaenda wote dukani kwa Zubery. Ambilikile alitangulia mbali mbele. Asifiwe akafuata nyuma na mfuko wake, Hebroni kati. Binti akabaki upande wa pili wa barabara, amekipa kibanda cha muuza vitumbua uso wake, ili mzee asimwone. Zubery akasogeza simu.

Lazaro alipokea. Ambilikile akamweleza yote, mbiombio, akichanganya daraja na mfungwa na Karonga. Akasema alikosea. Akasema mkewe ni mtu safi, tena ana roho nzuri kuliko wote waliomo nyumbani. Akamsihi, akamwita jina la utotoni.

Kisha Lazaro akauliza, taratibu, kwa sauti ambayo mzee aliitambua kuwa ni yake mwenyewe, ile ya kizuizini:

"Baba, jana ulisema ulimsikia kwa masikio yako. Leo unasema ni gemu. Huyo mjomba wake amekuja na nini? Umepewa nini?"

Ng'ambo ya barabara Asifiwe alikuwa bado amempa mgongo, mfuko miguuni, akingoja. Ambilikile akafungua mdomo amjibu mwanawe, akakuta hana cha kumwonyesha, ila neno lake tu.